Tulipigwaje na Canada, na hii hasira niipeleke wapi? Jibu kwa shabiki wa Nakuru

Swali lenyewe nimelifupisha kidogo, linasema hivi: "Kocha, mimi ni shabiki wa Shujaa, timu yetu ya taifa ya raga ya wachezaji saba, hapa Nakuru. Tangu ile siku ya London 2023 tulipolimwa na Canada 12-7 tukashushwa ngazi, mimi na bro wangu mkubwa hatujawahi kuelewana. Yeye anasema vijana waliuza mechi, mimi nasema shida ilikuwa kocha. Shujaa wakipoteza tena popote tunaanza upya, juzi mama alituzimia TV kabisa. Nieleze kitaalamu, timu iliyopiga Fiji 30-7 inapigwaje na Canada? Na ni vibaya kukasirikia timu ya taifa?"

Msalimie mama, amefanya vizuri kuzima.

Nianze na bro wako kwa sababu yake ni rahisi. Mtu akiuza kitu ni apate kingine, ama vipi? Sasa wale vijana walikuwa uwanja wa Twickenham kule London mwezi wa tano wakipigania nafasi moja, moja tu, na ukishinda unaenda Dubai, Hong Kong, Singapore msimu ujao, unaonekana na klabu za nje, una kandarasi. Ukishindwa unarudi kucheza ligi ya chini ambayo hata kwa TV huioni. Ukiuza hapo umeuza ng'ombe na maziwa na zizi lenyewe. Hakuna ushahidi wowote nimewahi kuona wa mechi kuuzwa siku ile, na mimi hio mechi nimeirudia kwa video zaidi ya mara kumi (kazi yangu sai ni kukata video za klabu, nilifundisha shule kwanza, magoti yakakataa). Mwambie bro alete ushahidi ama alete soda.

Sasa wewe na kocha wako. Hapo tutakaa kidogo maana uko karibu na ukweli lakini umesimama upande mbaya wa nyumba.

Kwanza elewa mchezo wenyewe. Raga ya saba ni dakika 7, mapumziko mafupi, dakika 7 zingine, umemaliza. Toa hapo muda wa mpira kutoka nje, toa skramu (ile ya kusukumana), toa yule jamaa analala chini akishika mguu wa pili ule haujaumia, toa muda wa kupiga mkwaju, unabaki na dakika chache sana za mpira kutembea. Nikikata video huwa nahesabu timu imepata mpira mara ngapi, na unapata kipindi kizima timu imeushika mara nne ama tano hivi. Mara nne! Kwa raga ya 15 una dakika 80, ukiangusha mpira mara tatu bado una jioni nzima ya kurekebisha. Kwa saba ukiangusha mara mbili na kosa moja la refa juu yake umeenda nyumbani. Ndio maana kwa saba timu kubwa hupigwa na ndogo karibu kila wikendi na hakuna anayeandika gazeti nzima juu yake.

Kitu kingine ambacho mashabiki wengi hawakioni ni kwamba kwa saba aliyefunga ndiye anaanzisha mpira, si kama 15 ambapo aliyefungwa ndiye anaanzisha. Kwa hivyo ukifunga unampa mwenzako mpira, isipokuwa uwe na mtu wa kuruka na kuunyakua hewani. Miaka ile yetu mizuri hapo ndipo tulikuwa tunaua watu. Tunafunga, tunaanzisha, jamaa mrefu anaruka anautoa, tunafunga tena, mwenzetu hajagusa mpira dakika tatu. Siku hio kitu ikikataa unakimbia tu nyuma ya watu.

Sasa angalia 12-7. Ni trai mbili kwa moja. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni pointi 5 na mkwaju wake ni 2, maana yake wao walifunga mbili wakapata mkwaju mmoja, sisi tukafunga moja na mkwaju wake. Trai moja zaidi na mkwaju wake tunatoka 14-12 na leo unaniandikia swali lingine kabisa, pengine unaniuliza tiketi ya Dubai ni ngapi. Ndio ninamaanisha nikisema tofauti ya shangwe na matusi siku ile ilikuwa labda mita kumi na mkono mmoja.

Halafu hili la "Canada" mnavyolitamka kana kwamba ni timu ya kijiji. Sisi tulishinda Singapore Aprili 2016, tukawapiga Fiji 30-7 fainali, nililia mimi mtu mzima mbele ya watoto. Lakini unajua nani alishinda Singapore mwaka uliofuata, 2017? Canada. Waliwapiga Marekani 26-19. Na unajua kocha wao alikuwa nani? Damian McGrath. Huyo huyo mzee wa Kiingereza aliyekuwa kwenye benchi letu London 2023. Kwa hivyo ile jioni tulipigwa na timu ambayo kocha wetu mwenyewe aliwahi kuipa taji. Hio stori mtu akiiweka kwa sinema mtasema amezidisha.

Na Fiji hao tuliowapiga Aprili 2016, Agosti mwaka huo huo walienda Rio wakachukua dhahabu ya Olimpiki, wakawapiga Waingereza 43-7 fainali. Sisi tulienda Rio hio hio na taji letu la Singapore tukamaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Kwa hivyo ukinitumia hio 30-7 kama kipimo ndugu yangu, unanipimia mtu kwa picha ya harusi yake.

Hapa sasa ndipo nataka usimame. Wewe unaongea kana kwamba London tulipigwa bila kutarajia. Nani hakutarajia? Msimu wa 2022-23 wa ligi kuu ya dunia ya raga ya saba ulikuwa na mashindano 11, na dunia nzima ilijua tangu mwanzo kwamba msimu unaofuata timu zinapunguzwa zibaki 12. Kila mtu alikuwa na jedwali. Sisi tulikuwa huku chini tangu mapema, ndio maana London tukajikuta kwenye ule mchujo pamoja na Canada, Uruguay na Tonga, nafasi moja, timu nne. Mtu akikupeleka mahali watu wanne wanang'ang'ania kiti kimoja tayari umeshapoteza sana kabla refa hajapuliza. Zile 12-7 ndizo tuliziona kwa sababu zilikuja mwisho na kamera ilikuwa hapo, lakini tulikuwa tunashuka tangu mapema, kidogo kidogo, wikendi ambazo wewe na mimi tulikuwa tunaangalia ligi ya Uingereza tukasema aah Shujaa nitaona matokeo kesho.

Na hata msimu si mwanzo. Kizazi cha akina Collins Injera, Humphrey Kayange na Andrew Amonde kilikuwa kimeondoka. Benjamin Ayimba aliyewafundisha wakashinda Singapore alikuwa ametuacha Mei 2021, Mungu amrehemu. Pesa nazo, wacha tu. Mwaka wa 2018 ndio uliokuwa msimu wetu mzuri zaidi baada ya Singapore, fainali mbili mfululizo, Vancouver na Hong Kong, zote tukafungwa na Fiji, na msimu huo huo vijana wakaingia uwanjani Paris wameficha nembo ya mdhamini kwa jezi kwa sababu ya malalamiko ya hela. Fikiria hio picha, timu iko kwenye fomu ya maisha yake na wanacheza wakiwa na plasta kifuani. Hapo ndipo ngazi zilianza kuoza. McGrath alipanda wakati tayari zinalia, na kama alikosea mambo (alikosea, nina orodha yangu) basi alikosea akiwa ameshika ngazi mbovu.

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini waliojidunga hawakuwa wale vijana waliosafiri.

Nitoke kidogo nje ya Kenya ndio uone hatuko peke yetu. Septemba 19, 2015, Brighton, Afrika Kusini wanacheza na Japan Kombe la Dunia. Hio ni raga ya 15, dakika 80, ile nimekwambia haina ajali nyingi. Japan kabla ya siku hio walikuwa wameshinda mechi moja tu kwenye Kombe la Dunia, Zimbabwe mwaka wa 1991, na 1995 New Zealand waliwapiga 145-17, usome tena, mia moja arobaini na tano. Dakika za mwisho Springboks (ndio hao Afrika Kusini) wako mbele 32-29, Japan wanapewa penalti. Wakipiga mkwaju ni droo, na droo na Springboks kwa Mjapani ni sikukuu ya taifa. Nahodha Michael Leitch akakataa. Akachukua skramu. Wakasukuma, wakapeleka mpira upande huu, wakaurudisha upande ule, Karne Hesketh akafunga kona kule, muda umeshaisha, 34-32. Mimi nilikuwa nakula ugali, mkono ukabaki hewani.

Mashabiki wa Afrika Kusini walifanya nini? Walifanya kama wewe na bro wako. Kocha Heyneke Meyer aliomba msamaha taifa zima. Watu wakataka kichwa chake usiku ule ule, wengine wakarudia mabishano ya rangi na ya nani alistahili kuchaguliwa ambayo yalikuwa yamewaka tangu kabla timu iondoke nyumbani. Kumbe timu ile ile ikaendelea ikashinda mechi zote zilizobaki za kundi, ikafika nusu fainali, ikapoteza kwa New Zealand kwa pointi mbili tu, 20-18. Na Japan hawakufika robo fainali! Walishinda mechi tatu kati ya nne na bado wakatolewa, kwa sababu siku nne baada ya Brighton walikutana na Scotland wakiwa wamechoka wakalimwa 45-10. Sasa niambie siku ile ya Brighton ilikuwa inatuambia nini kuhusu timu hizo mbili. Kidogo sana.

Meyer aliondoka mwisho wa mwaka. Akaja Allister Coetzee, na mambo yakawa mabaya zaidi, 2016 wakapigwa na Italia 20-18, 2017 New Zealand wakawapiga 57-0. Ni mpaka 2018 alipoingia Rassie Erasmus ndipo wakainuka, mwaka mmoja baadaye Siya Kolisi akainua kombe kule Yokohama. New Zealand nao 2007 walitolewa na Ufaransa robo fainali kule Cardiff, 20-18, wakamwandama refa Wayne Barnes kwa pasi moja ya mbele (kwa raga hairuhusiwi) aliyokosa kuona, lakini wakubwa wao walifanya kitu kigumu sana kwa mashabiki kumeza, walimbakisha kocha Graham Henry. Miaka minne baadaye akawapa kombe, fainali dhidi ya Wafaransa hao hao, 8-7. Usinielewe vibaya, sisemi kocha asifukuzwe. Sisi tulimtoa McGrath, timu akapewa Kevin Wambua, na ikawa sawa kabisa. Ninachosema ni kwamba kufukuza kocha usiku wa kipigo ni kama kununua dawa kabla ya kupimwa, mara nyingine unapona, na ukishapona utaapa ile dawa ndiyo.

Sasa swali lako la pili, lile naona ndilo ulitaka hasa. Ni vibaya kukasirika? Hapana. Ukipenda kitu na kikaharibika usikasirike basi hukukipenda, ulikuwa unapita tu. Mimi London niliitazamia kwenye baa moja Ngong Road, na refa alipomaliza hakuna mtu aliyeongea karibu dakika nzima, jamaa mmoja aliyekuwa amevaa jezi ya 2009 aliivua akaikunja vizuri akaiweka kwa mfuko wa plastiki akaenda. Hakusema neno. Hio ni hasira naiheshimu mpaka leo.

Yenye siiheshimu ni ile ya simu. Usiku ule nilisoma mambo kwa simu, watu wamemtafuta kijana fulani aliyeangusha mpira wakamwandikia vitu ambavyo mimi siwezi kuandika hapa na mama yako anasoma. Ngoja nikupe stori yangu. Nikiwa kidato cha tatu tulifika nusu fainali ya mkoa, niko winga, tunaongoza, dakika ya mwisho mpira ukapigwa juu ukanijia mimi. Jua lilikuwa machoni, lakini sitasingizia jua. Ukanitoka. Wakafunga. Baada ya mechi mzee mmoja, rafiki wa baba, mtu ambaye nilikuwa nakula kwake Krismasi, alinijia pale kwa kamba akaniambia "wewe umetuaibisha" akaniacha nimesimama. Mtu mmoja, sentensi moja, na mimi bado naijua leo nikiwa na mvi. Msimu uliofuata kila mpira wa juu nilikuwa nausikia unasema hio sentensi, nikawa naangusha hata ile rahisi ya mazoezi, mwisho kocha akanipeleka katikati ambako mipira ya juu ni michache. Sasa zidisha huyo mzee mara elfu kumi umpe kijana wa miaka 22 kwa simu akiwa hoteli London. Halafu msimu ujao mnashangaa mbona anaogopa mpira.

Kwa hivyo hasira unayo, ni haki yako, ila anwani umekosea. Na saa pia umekosea. Mchezaji hawezi kukujibu chochote cha maana, hajui kwa nini allowansi ilichelewa, hakuchagua kocha aletwe miezi michache kabla ya msimu, hakuamua mazoezi ya nguvu yafanyiwe wapi. Wanaojua wako kwa ofisi za raga, na wao wanapenda sana usiku wa kipigo kwa sababu usiku huo nyinyi wote mnaongea juu ya mpira ulioanguka. Maswali yao ni ya mwezi wa kumi, wa kumi na moja, kabla ya msimu: vijana wangapi wana kandarasi, za muda gani, wamelipwa mpaka mwezi gani, kuna wachezaji wangapi wa akiba wakiumia wawili kwa mpigo, nani anaandaa wale wa chini ya miaka 20. Maswali yanachosha, najua, hayana hata wimbo. Lakini kama mashabiki elfu tano wangekuwa wanayauliza tangu Paris 2018 naamini London ingekuwa wikendi ya kawaida tu ya kunywa na kuimba.

Kitu kimoja ambacho nyinyi mlikosa kwa sababu mlikuwa bado mnabishana. Septemba 2023, miezi minne tu baada ya Canada, kundi hilo hilo bro wako alisema limeuza, sasa likiwa na Wambua, lilienda Harare likawapiga Afrika Kusini 17-12 kwenye fainali ya Afrika likapata tiketi ya Olimpiki ya Paris moja kwa moja. Hao Afrika Kusini wakalazimika kuzunguka mpaka Monaco kutafuta nafasi, na wakishafika Paris wakachukua shaba. Hebu pima hapo: tulipigwa na Canada mwezi wa tano, tukawapiga Afrika Kusini mwezi wa tisa. Na bado kuna nyingine, 2024 kule Madrid tulipopigana kurudi ligi kuu tukarudi, unajua nani alishuka wikendi hio hio? Canada. Mimi sikusherehekea hio, sawa, nilisherehekea kidogo.

Sasa nyinyi wawili. Msianze na London, bado inauma na mtarushiana kiti. Tafuteni mechi ya Harare kwanza muiangalie pamoja mpaka mwisho, halafu siku nyingine mchukue ya Canada, simu mbali, karatasi na kalamu, mmoja ahesabu kila mara tumepata mpira na mwingine ahesabu kila mara tumeupoteza na kwa nini. Msitaje majina, andikeni namba ya jezi tu. Mkimaliza mniletee hio karatasi, nataka kuona kama mtapata hesabu niliyopata, maana klabuni tulipofanya hilo zoezi watu wanne walileta majibu manne.

Na yale mashindano ya raga ya saba ya Prinsloo yakifika hapo kwenu Nakuru nendeni uwanjani, wewe ndio ununue tiketi ya bro kwa sababu wewe ndiye umeniandikia. Kaeni karibu na kamba upande wa winga ambapo mtasikia vijana wakipumua. Soda ni yake.